Kutoka Kuiga Hadi Kujimwaga: Hatua Nane kwa Mwanamuziki wa Mwambao wa Mweru

Mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru, kuanzia Kashikishi na Nchelenge hadi Mununga na Chienge, haujawahi kupungukiwa muziki. Kusini yake, Mwansabombwe, Walunda wa Mwata Kazembe hukusanyika kila mwisho wa Julai kwa sherehe ya Mutomboko. Jimbo hilihili la Luapula ndilo chimbuko la kalindula, muziki uliopewa jina la besi ya kuundwa kwa mkono na ukaenea Zambia nzima katika miaka ya 1970 na 1980. Ng'ambo ya maji iko Katanga, nchi ya wapiga gitaa waliovuma Afrika Mashariki yote. Kiswahili huvuka ziwa kila siku pamoja na wavuvi na wachuuzi, na tangu 2018 kinasikika pia katika makazi ya Mantapala, wilayani Nchelenge, yaliyofunguliwa kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo.

Hata hivyo, vijana wengi wenye vipaji hukwama mahali pamoja. Mazoezini wanachangamka, wanataniana, gitaa linaongea. Wakisimama mbele ya watu, mabega yanapanda, macho yanaganda sakafuni, na wimbo unatoka vilevile ulivyorekodiwa Lubumbashi au Lusaka, bila kuongezwa chochote cha kwao. Wakikosea noti moja, onyesho lote linaanguka.

Tiba ninayoiamini ni moja: mwanamuziki apate ruhusa na mazoea ya kuuchezea wimbo. Anayejua njia kumi za kuimba ubeti mmoja haogopi njia moja ikiziba. Ujasiri wake unatokana na wingi wa njia hizo, na wingi huo hujengwa kwa mazoezi yenye mpango. Mwongozo huu unawafaa wapiga gitaa, bendi ndogo, kwaya na vikundi vya ngoma.

Mahitaji ni machache: kikundi cha watu watatu hadi wanane, ala mlizonazo, chupa tupu ya soda na kipande cha chuma cha kuigonga, simu moja inayorekodi sauti, na saa moja mara tatu kwa wiki.

Hatua ya 1: Chagua wimbo mmoja unaoujua hata usingizini

Usianze na wimbo mpya. Akili inayohangaika kukumbuka maneno haina nafasi ya kubuni. Chagua wimbo ambao unaweza kuuimba huku unamenya mihogo, bila kupotea na bila kusimama kufikiri. Kama ni kikundi, chagueni ambao kila mmoja anaujua kiasi hicho.

Wimbo mmoja unatosha kwa mwezi mzima. Anayetilia shaka amkumbuke Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipiga kwa vidole viwili tu: gumba kwenye nyuzi nene, cha shahada kwenye nyuzi nyembamba. Wimbo wake wa Masanga ulifika Nairobi na kuwafundisha gitaa vijana wengi wa Kenya, na mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mtafiti David Rycroft aliandika makala mbili katika jarida la African Music, mwaka 1961 na 1962, kuhusu jambo moja tu: jinsi Mwenda alivyobuni papo kwa papo juu ya gitaa lake. Huyu ni mtu aliyeujua wimbo kwa kina kiasi kwamba aliweza kuufumua na kuusuka upya kila alipokaa kitini. Kina hicho ndicho unachokitafuta katika hatua hii.

Hatua ya 2: Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja

Piga wimbo wako kama kawaida mara moja. Kisha urudie, kila mara ukibadili kitu kimoja na kuacha vingine vyote palepale:

- Kasi. Upige kwa nusu ya mwendo wake, kisha kwa haraka mpaka karibu ukushinde.
- Nguvu. Uimbe wote kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, kisha kama unamwita mtu aliye mtumbwini.
- Ufunguo. Ushushe au uupandishe, usikie sauti yako inapumzika wapi.
- Ala. Ondoa gitaa, bakiza chupa na makofi. Ondoa ngoma, bakiza sauti tupu.
- Ukimya. Chagua mahali pa kunyamaza wote kwa mapigo manne, kisha mrudi pamoja.
- Mhusika. Uimbe kama mzee anayewaonya wajukuu, kama bibi harusi, kama mchuuzi wa chisense, dagaa wa ziwa hili, anayeita wateja sokoni.
- Lugha. Beti kwa Kibemba, kiitikio kwa Kiswahili, au kinyume chake.

Hilo la lugha lisikutie wasiwasi. Katika miaka ya 1960 Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, walikuwa Nairobi wakiimba kwa Kiswahili katika Equator Sound Band, pamoja na Wakenya Fadhili William na Daudi Kabaka. Msikilizaji wa mwambao huu anaishi na lugha mbili au tatu kwa siku moja, na wimbo unaovuka lugha unamkuta nyumbani.

Rekodi majaribio yote kwa simu. Mwisho wa wiki sikilizeni na mchague mabadiliko mawili yaliyowashangaza wenyewe. Hayo yahifadhiwe, mengine yaachwe bila huzuni.

Hatua ya 3: Chezeni duarani, kwa kanuni

Hapa ndipo uchangamfu unapofunzwa. Kaeni duara na kuweka kanuni tatu kabla ya kuanza. Ya kwanza: hakuna anayechekwa kwa kukosea. Ya pili: hakuna anayekosoa wakati mchezo unaendelea. Ya tatu: kila mtu anapata zamu, pamoja na mdogo kuliko wote na mgeni wa jana.

Kanuni ya pili ina sababu. Mwaka 2008 Charles Limb na Allen Braun walichunguza ubongo wa wapiga piano sita wa jazi, na wakaona kwamba walipokuwa wakibuni papo hapo, baadhi ya sehemu za mbele za ubongo zinazohusishwa na kujichunga na kujikagua zilipunguza kazi yake. Mtu anayesubiri kukosolewa na kiongozi wa bendi hujikagua bila kupumzika. Ukosoaji una saa yake, na saa hiyo ni baada ya mchezo.

Mchezo wa kwanza ni kupokezana mdundo. Mmoja anagonga chupa kwa mapigo manne, jirani yake anayarudisha akiongeza pigo moja au akiondoa moja, na hivyo hadi duara likamilike. Kugonga chupa kusindikiza gitaa ni desturi ya zamani kuanzia Katanga hadi magharibi ya Kenya, na faida yake ni kwamba hata asiye na ala anaingia kazini siku ya kwanza.

Wa pili ni wito na kiitikio. Mwimbishaji anatoa mstari wowote, hata wa maneno yasiyo na maana, na wenzake wanaujibu kwa sauti ileile na ishara ileile ya mwili. Baada ya mistari minne anampisha mwingine. Mwenye aibu aanze kwa mstari mfupi. Duara likimjibu kwa nguvu, wa pili utakuwa mrefu zaidi.

Wa tatu ni kulikaribisha kosa. Mtu akipiga noti isiyotarajiwa, asisimame. Airudie makusudi mara mbili, na wenzake waidake waijenge. Mchezo huu ndio dawa kubwa kuliko zote katika mwongozo huu. Unamfundisha mwanamuziki, kwa mikono yake mwenyewe, kwamba kosa likirudiwa kwa mpangilio linageuka pambo.

Mkiweza kucheza michezo yote mitatu kwa nusu saa bila mtu kuomba radhi, songeni mbele.

Hatua ya 4: Tunga maneno papo hapo

Waimbaji wengi huamini kwamba kutunga papo hapo ni karama ya wachache. Ni kazi inayojifunzwa, na njia rahisi ni hii: kiitikio kibaki vilevile, beti ndizo zibadilike. Kikundi kinashika kiitikio, na wewe unapewa nafasi ya mistari miwili tu kabla hakijarudi.

Wiki ya kwanza imba unachokiona: mtumbwi, nyavu zilizoanikwa, mtoto anayepita na ndoo. Wiki ya pili imba kisa cha jana yake, kama bei iliyopanda au gari lililokwama topeni. Wiki ya tatu mwimbie mtu aliyepo, kwa sifa au kwa utani wenye heshima. Vina visikusumbue mwanzoni. Kinachotakiwa ni kumaliza mstari kwa wakati na kukiachia kiitikio nafasi yake. Ukikosa neno, vuta irabu, piga kelele ya furaha au uache gitaa liseme. Yote hayo ni majibu halali.

Kalindula yenyewe imesimama juu ya maneno ya namna hii. PK Chishala, mwimbaji kipofu aliyeimba kwa Kibemba, alipendwa kwa sababu nyimbo zake zilisimulia maisha ya watu wa kawaida kwa ucheshi na bila kuficha. Msikilizaji alijitambua ndani yake. Nawe unayeishi kati ya wavuvi, wakulima wa mihogo na wafanyabiashara wa mpakani una habari za kuimba mwaka mzima.

Tahadhari moja: utani usiguse msiba, ugonjwa, wala siri ya mtu. Mwimbaji anayeaibisha watu hupoteza hadhira haraka kuliko anayekosea noti.

Hatua ya 5: Ipe hofu kazi ya kufanya

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kinywa kukauka: hayo si dalili za kukosa kipaji. Mwili umejua kwamba jambo kubwa linakuja, na umemwaga homoni ya kuuandaa. Hata wakongwe huyapata.

Usijilazimishe kutulia ghafla. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambayo sehemu yake ilikuwa kuimba karaoke. Waliojisemea kabla ya kuimba kwamba wana msisimko waliimba vizuri kuliko waliojisemea kwamba wana wasiwasi. Ni rahisi kuugeuza moto wa mwili kuwa hamu kuliko kuuzima.

Fanya hivi dakika kumi kabla ya kuanza. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe polepole kwa hesabu ya sita au nane, mara sita. Tikisa mikono na mabega hadi yalegee. Nung'unika wimbo wako kwa midomo iliyofungwa ili koo lipate joto. Kunywa maji kidogo. Kisha jiambie kwa sauti, mbele ya wenzako: nina hamu ya kuwaimbia watu hawa. Bendi nzima ifanye pamoja, ili anayeogopa aone kwamba hayuko peke yake.

Pombe isiwe sehemu ya maandalizi. Inakupa ushupavu wa muda huku ikikunyang'anya sikio, tuni na kumbukumbu, vitu vitatu unavyovihitaji jukwaani.

Hatua ya 6: Panda ngazi ya hadhira, kipandio kwa kipandio

Kosa la vikundi vingi ni kutoka chumba cha mazoezi moja kwa moja hadi kwenye sherehe yenye mamia ya watu. Panga ngazi yako:

1. Watu watatu mnaowaamini, uani kwa mmoja wenu.
2. Majirani kumi au kumi na watano, bila kipaza sauti.
3. Ufukweni alasiri, watu wakipita na kuondoka wapendavyo.
4. Shughuli ndogo: kipaimara, ubatizo, kumaliza shule.
5. Harusi, tamasha la shule, jukwaa la soko.

Kila kipandio kirudie mara mbili au tatu kabla ya kupanda. Kila mara weka jambo moja la kubuni ambalo hukulifanya mara iliyopita, hata dogo kama kunyamaza kwa mapigo manne. Bila hilo utazoea watu lakini hutazoea uhuru.

Kalenda ya ziwa pia ni msaada. Wavuvi wa chisense huvua usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa zao hazina nguvu ya kuvuta samaki. Kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu ndio usiku wa kuwapata watu nchi kavu, wakiwa na muda na hamu ya burudani. Usiku wa giza usitegemee umati. Kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kwa amri ya serikali ili samaki wazaliane, na mvua nazo huwa nyingi. Fedha ni chache miezi hiyo, lakini muda upo: ifanyeni iwe miezi ya hatua ya kwanza hadi ya nne, chini ya paa. Uvuvi ukifunguliwa Machi, mtakuwa tayari kutoka.

Hatua ya 7: Siku ya onyesho, ongea na watu

Fika mapema. Simama mahali utakapoimbia, utazame kutoka pale, utembee hatua chache kila upande. Tuni ala zote kabla watu hawajajaa.

Anza na wimbo unaouweza kuliko zote. Kabla yake salimia kwa lugha za waliopo: mulishani mukwai kwa upande huu, jambo yenu kwa waliotoka ng'ambo. Watu wakikujibu salamu, wameshaanza kuimba nawe.

Chagua nyuso tatu, kushoto, katikati na kulia, uwaimbie hao kwa zamu. Asiyethubutu kutazama macho atazame paji la uso, ni vigumu kwa mtu wa mbali kutofautisha. Mapema, katika wimbo wa kwanza au wa pili, fundisha kiitikio kifupi na uiachie hadhira ikibebe. Hadhira yenye kazi haikai kukuhukumu.

Ukitaka kuona ustadi huu katika kilele chake, nenda Mwansabombwe mwisho wa Julai. Mwata Kazembe anapocheza Mutomboko akiwa na shoka na upanga mikononi, macho ya wapiga ngoma hayambanduki, na watu waliozunguka uwanja ni sehemu ya onyesho. Mchezaji, ngoma na watu wanapeana na kupokeana. Bendi yenye watu wanne ukumbini inaweza kuufuata mfano huo: kila mmoja amtazame mwenzake, na wote wawatazame watu.

Mipango ya dharura iwe tayari. Uzi ukikatika, besi na chupa ziendelee huku mwimbishaji akiwaimbisha watu kiitikio. Umeme ukizimika, sogeeni mbele mpige bila vyombo vya umeme. Mlishafanya hivyo katika hatua ya pili. Ukisahau ubeti, tunga mwingine au urudie wa kwanza kwa sauti ya mhusika mwingine. Usiombe radhi kwenye kipaza sauti. Mtu anapokuja kukutunza, pokea kwa mkono na shukrani, mtaje kwa heshima katika mstari mmoja, kisha urudi kwa wote.

Hatua ya 8: Kagua baada ya kulala

Usiku wa onyesho lenyewe, kuleni, pumzikeni, pongezaneni. Ukaguzi ufanyike kesho yake, mkiwa na rekodi ya simu. Kila mmoja ajibu maswali matatu tu: Wapi watu waliamka? Wapi nilicheza kwa uhuru? Kitu gani kimoja nitakibadili mara ijayo? Kiongozi ajibu mwisho, ili wadogo wasifuate kauli yake. Andikeni majibu kwenye daftari moja. Mkilisoma miezi sita baadaye mtaona safari yenu kwa maandishi yenu wenyewe.

Ratiba ya wiki

Siku ya kwanza: nusu saa ya hatua ya pili, nusu saa ya michezo ya duarani. Siku ya pili: robo saa ya michezo, robo saa ya kutunga maneno, nusu saa ya nyimbo za orodha yenu. Siku ya tatu: mazoezi ya pumzi, kisha onyesho dogo mbele ya mtu yeyote, hata kama ni bibi mmoja na wajukuu wake. Fuateni hivyo kwa miezi mitatu bila kuruka duara.

Neno la mwisho ni kwenu walimu wa kwaya, viongozi wa bendi na wazee wa ngoma, kuanzia Mununga hadi Kashikishi na ng'ambo hadi Pweto. Vijana wenu tayari wana sauti na mikono. Wanachosubiri ni ruhusa. Kwenye mazoezi yajayo, chagua wimbo mmoja, mkabidhi mdogo kuliko wote ubeti mmoja aufanye apendavyo, na uwaagize wengine wote wamwitikie kwa nguvu. Kisha mfanyie hivyohivyo wa pili, na wa tatu, mpaka kila mmoja kikundini awe amewahi kuuongoza wimbo kwa namna yake mwenyewe.